Mbuzi Aliyechinjwa Njiani

Kila Jumamosi, ikifika saa tano, mimi hukaa kwenye kibaraza cha nyuma cha Nyumba ya Wanafunzi pale Ilembo na kukata kachumbari. Kazi hiyo nilipewa mwaka jana na hakuna aliyewahi kuninyang'anya. Naanza na vitunguu, navikata vyembamba, navifikicha kwa chumvi, navisuuza maji matatu mpaka ukali uishe. Kisha nyanya. Pilipili naiweka kwenye bakuli lake peke yake, kwa sababu Audace, kijana wa Kirundi kutoka Katumba ninayesoma naye darasa moja, huapa kwamba pilipili yangu ina kesi ya kujibu. Ni kazi inayonifaa. Mtu anayekata vitunguu haulizwi kwa nini hasemi.

Nilikuwa kwenye maji ya pili simu ilipoita. Alikuwa kaka Feisal. Nilikausha vidole haraka kwenye khanga, maana Feisal hapigi simu mchana. Mchana yuko dukani mjini anauza vipuri vya pikipiki, na simu yake iko kwenye droo.

"Uko kwa hao wachungaji wako?" aliuliza.

"Niko, kaka."

"Baba kasema leo nije nile nanyi. Nikishaswali Adhuhuri nakuja." Nikasikia mteja nyuma yake akiulizia cheni. "Kasema nile, nikae, nitazame. Nikirudi na neno zuri, utaendelea kwenda. Nikirudi na neno baya, leo ndiyo mwisho, na likizo ikifika unahamia kwa shangazi Tabora, utafute chuo hukohuko. Umenielewa, Raya?"

Nilimwambia nimeelewa. Aliponikatia nilibaki nimeshika simu, vitunguu vikielea kwenye beseni.

Sikuogopa. Ajabu ni kwamba nilifurahi. Kwa miezi minane baba yangu, mzee Haidari, alikuwa amekataa hata kulisikia jina la nyumba ile. Kwake ilikuwa ni mtego: wanaanza na chai, wanamalizia na maji ya ubatizo. Nami sikuwa na maneno ya kumweleza. Sasa alikuwa anamtuma mtu aje aone kwa macho yake, na nilijua macho hayo yangeona nini.

Yangeona nyumba ya kanisa, ndiyo, yenye msalaba wa mbao sebuleni na ratiba ya ibada ukutani. Lakini yangeona pia chumba kidogo cha nyuma chenye mkeka na ndoo ya udhu. Siku yangu ya kwanza, mwanafunzi mpya wa chuo cha kilimo, nilisimama getini nusu saa nikijua mwenyewe kwamba siingii. Mchungaji Method, mlezi wa nyumba, alitoka na kandambili zake na kuniambia kwamba pale hawamuulizi mtu anaswali wapi, wanamuuliza kama amekula. Nilipomwomba kwa aibu mahali pa kuswalia, hakubabaika. Alimwita jirani yake mzee Sadalla, mwenye bucha, aje aonyeshe kibla kiko upande gani.

Tangu hapo ukawa ni utaratibu wa nyumba kwamba kila mnyama anayeliwa pale, awe kuku au ng'ombe, anachinjwa na mzee Sadalla kwa taratibu za Kiislamu. Lengo ni Mfipa, Mbende, Msukuma, Mrundi, Mkristo na Mwislamu wakae sinia moja, bila mtu kuuliza kilichomo.

Na yangemwona Kashinje. Hapo nilijikuta nikitabasamu peke yangu kama chizi.

Kashinje ni mwenyekiti wa wanafunzi wa nyumba. Ni mtoto wa mzee Ngolo, mfugaji aliyehama na ng'ombe zake kutoka Usukumani na kuweka kaya ng'ambo ya Sitalike. Ni mrefu, anatembea polepole kama anayepisha ndama, na kila Jumamosi hupita kibarazani kwangu kusema, "Umefika, Raya?" Nami hujibu, "Nimefika." Anasimama kidogo, anatazama vitunguu, anaondoka. Ukiandika mapenzi yetu ya miezi minane yote, yote ndiyo hayo. Lakini nyie hamjui namna mtu anavyoweza kuuliza "umefika" hata ukahisi hujawahi kufika mahali pengine popote duniani.

Siku hiyo ilikuwa ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, na mbuzi wa karamu alikuwa ametolewa na mzee Ngolo mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipa nyumba kitu chochote. Kashinje alikwenda kumchukua Ijumaa na kurudi asubuhi. Nilipofika, nyama ilikuwa sufuriani zamani, pilau limefunikwa, makaa juu ya mfuniko.

Niliinuka kwenda kumwambia habari ya Feisal. Nilimkuta nyuma ya jiko anapasua kuni ambazo hazikuhitajika tena.

"Kaka yangu anakuja kula," nilisema. Nikamweleza yote, neno la baba, Tabora, kila kitu. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele yake.

Nilidhani atafurahi. Aliliweka shoka chini taratibu, akajifuta uso kwa kiwiko, na hakunitazama.

"Raya, yule mbuzi nimemchinja mimi."

Sikumwelewa. Nilimuuliza mzee Sadalla alikuwa wapi.

"Nimemchinja njiani, huku tu Sitalike. Bodaboda ilituangusha kwenye makorongo, mbuzi akawa chini. Mguu umevunjika, mbavu zimeingia ndani. Alikuwa anakata roho." Alivitazama viganja vyake. "Sisi tumezaliwa zizini. Mnyama akifika hapo, unamwahi kwa kisu asije akawa kibudu. Mkono ulifanya kabla kichwa hakijafikiri. Nilikuja kukumbuka nikiwa namfunga kwenye kiroba."

"Na hukusema?"

"Nilifika, mpishi wetu Sikujua akakipokea kiroba, akadhani kama siku zote kimepita kwa mzee Sadalla. Nikaenda kuoga nikijiambia nikitoka nasema. Nilipotoka nyama iko jikoni. Kila dakika ikazidi kuwa ngumu." Alilisogeza shoka kwa mguu. "Ni mbuzi wa baba. Kwa mara ya kwanza baba yangu amesema hii nyumba ina watu."

Kutoka jikoni harufu ya pilau ilikuwa imejaa uani kote. Niliitazama ile sufuria kubwa. Kashinje alisogea hatua moja, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeomba.

"Nisikilize. Kaka yako ale, aende zake na neno zuri. Kesho nitamwambia Mchungaji, nitawaomba msamaha wote, mmoja mmoja. Lakini leo nikisema, yeye hatarudi hapa. Na wewe hutarudi."

Ndipo nilipoelewa kwamba alitaka kunikinga kwa kulificha kosa lake, kama mtu anayekufunika na shuka lenye upupu. Na nakiri, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili nililitaka lile shuka. Niliiona Jumamosi ijayo, na inayofuata, na yeye amesimama kibarazani.

"Atakula kwa mkono wake kitu asichokikubali," nilisema, "halafu aende kwa baba akanisifie. Nami nije hapa kila Jumamosi kwa sifa hiyo. Utaniuliza nimefika, nikujibu nini?"

Aligeuzia macho kwenye kuni.

"Baba anasema nyie mnatudanganya. Siku zote nimekuwa nikisema hapana. Usinifanye niwe mwongo, Kashinje. Sema wewe, au nitasema mimi."

"Wewe?" alisema, na si kwa dharau. Alijua kama ninavyojua kwamba darasani nikiitwa ubaoni huwa nashikwa na kikohozi.

"Mimi."

Tulimpigia Mchungaji. Alikuwa stesheni kuwapokea wanafunzi watatu waliochelewa kwa treni, na simu yake iliita bila kupokelewa. Kashinje alisema atamsubiri getini amwambie kabla watu hawajakaa. Lakini wageni wana kawaida ya kuja pale usipowataka. Saa nane kasoro wanafunzi wapya wakamiminika na mabegi yao, Jeniffer na wenzake wa zamu wakaanza kutandika mikeka, watu wakanawa, na Mchungaji akaingia katikati yao na watoto wake watatu wa treni, akicheka, amezungukwa hata huwezi kumsogelea. Feisal akaingia nyuma yake na kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumamosi. Nilielewa. Alikuja kama mjumbe.

Audace alinipita na sinia kichwani akaninong'oneza kwamba shemeji yake Kashinje amependeza. Sikuweza hata kumkemea.

Walimketisha Feisal pazuri, kando ya dirisha, pamoja na vijana watatu Waislamu wa mwaka wa kwanza na mabinti wawili wa Kifipa. Jeniffer alimmiminia maji, akanawa, akashukuru. Nilimwona akizungusha macho chumbani: msalaba, ratiba, na mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi, mkeka unaonekana. Macho yake yalisimama kwenye ule mkeka kwa muda. Uso wake ulilegea. Nilijua kwamba neno zuri lilikuwa limeanza kuandikwa.

Mchungaji aliwakaribisha kwa maneno machache, akasema kila mmoja aombe kwa namna yake. Chumba kikatulia.

Nilimtafuta Kashinje. Alikuwa amesimama mlangoni na jagi mkononi, kama aliyeota mizizi. Feisal alisema bismillahi, akanyoosha mkono kwenye sinia.

Niliinuka. Nilifungua mdomo na sauti haikuja. Nakumbuka macho yote yakigeuka, nakumbuka nikishika ukuta. Nilivuta pumzi tena, nikasema, "Kaka, usile."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya. Mkono wa Feisal ukabaki juu ya wali.

Hapo ndipo jagi lilipowekwa chini. Kashinje alikuja mpaka katikati ya mikeka, akasimama mahali ambapo kila mtu alimwona.

"Asimalizie yeye," alisema. "Kosa ni langu. Huyu mbuzi hakuchinjwa na mzee Sadalla. Nimemchinja mimi, njiani, alikuwa anakufa. Ningesema asubuhi, sikusema. Nimeona aibu, na nimeogopa. Ndugu zangu Waislamu, nimewawekea chakula mbele bila kuwaambia. Naomba mnisamehe. Na wewe mgeni, naomba unisamehe."

Watu wakatazamana. Kisha minong'ono ikaanza. Mmoja wa wale vijana wa mwaka wa kwanza alisukuma sinia taratibu. Mwingine alitazama vidole vyake kana kwamba vimebadilika rangi. Kutoka kona ya nyuma mtu akasema kwamba basi wanaokula wale, wasiokula wapewe ndizi, mambo yaishe, njaa haina dini.

Mchungaji Method aliinuka. Mimi nilisubiri akemee, au ahubiri. Feisal naye alisubiri, nilimwona ameukaza uso.

"Ahsante, Kashinje," alisema Mchungaji. "Ungeniambia mimi kwanza, lakini ahsante." Akageuka kwa wengine. "Masinia yote yarudi jikoni. Yote. Hili pilau litakwenda kwa wanakwaya, nao wataambiwa lilivyo. Jikoni kuna maharage yaliyochemshwa kwa ajili ya jioni, na kuna unga. Sikujua, weka maji kwenye ile sufuria ya uji."

Yule wa kona ya nyuma alilalamika kwamba pilau lenyewe limeshaiva na linanukia.

"Nalisikia hata mimi," Mchungaji alimjibu. "Nimekaa stesheni tangu saa nne, tumbo linaongea Kifipa. Lakini nyumba hii haina sinia la huku na sinia la kule. Wenzetu wasipokula, hatuli."

Watu wakacheka, kicheko cha njaa, na masinia yakaanza kuinuliwa. Ila Feisal hakucheka. Alisimama, akajipangusa kanzu, akaja mpaka nilipo.

"Raya, twende."

Nilimfuata. Alivaa viatu vyake mlangoni bila haraka, akatembea hadi nje ya geti, chini ya jua kali, alipoiacha pikipiki. Nilisikia hatua nyuma yetu. Sikugeuka, nilizijua.

Feisal aligeuka yeye. Alimtazama Kashinje kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zake zenye vumbi la Sitalike.

"Wewe ndiye wa mbuzi."

"Ni mimi, kaka."

"Nina swali moja, nijibu ukweli. Ungenyamaza, mimi ningekula, ningeshiba, ningekwenda kumwambia mzee kwamba ni watu wema, wana hadi mkeka wa kuswalia. Hakuna ambaye angejua. Kwa nini hukunyamaza?"

Kashinje alitazama chini. "Ni utaratibu wa nyumba yetu kwamba..."

"Utaratibu uliuvunja asubuhi. Usinitajie utaratibu."

"Basi ni kwa sababu... si vizuri mtu kula asichokijua. Sisi kama viongozi wa wanafunzi tuna wajibu..." Akakwama. Alinitazama, akaitazama barabara, akanitazama tena. Jitu zima linaloweza kumwangusha fahali kwa pembe, likakosa pa kuiweka mikono yake.

Feisal alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza, maana alionekana mtu aliyechoka kubahatisha. Akanigeukia mimi.

"Sikuelewi wewe wala yeye. Umesimama mbele ya watu wote wale, wewe ambaye ukitumwa dukani unanong'ona. Ulijua ukisema nitaondoka. Ulijua habari ya Tabora. Sasa niambie, Raya, maana mzee anasubiri barazani. Nikamwambie nini? Nimeona mkeka, na nimeona mbuzi. Kipi ndicho chenyewe?"

Ningeweza kumjibu vingi. Ningeweza kusema mwambie alivyoona mwenyewe. Ningeweza kunyamaza, silaha yangu ya miaka yote, nikapanda nyuma ya pikipiki nikaondoka nimeinamisha kichwa, na jioni watu wazima wakaniamulia. Kutoka ndani nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na sauti ya Audace ikiwaelekeza wanafunzi wapya wapi pa kukaa.

"Vyote viwili," nilisema. "Wamekosea, na wamesema. Nimekaa nao miezi minane, hakuna aliyeniambia nibadili dini, na sitabadili. Hilo mwambie."

"Na lingine?"

Aliniuliza kwa upole. Nadhani alikuwa amekwisha kujua. Kando yangu Kashinje aliinua kichwa.

"Lingine ni kwamba sikuuzuia mkono wako kwa ajili ya utaratibu," nilisema, na safari hii sauti yangu ilikuja yenyewe, nzima, hata mama aliyekuwa anapita na ndoo akageuka. "Nilikuzuia kwa sababu nampenda huyu, na sikutaka tuanze kwa kukudanganya wewe. Nampenda Kashinje, kaka. Najua baba atasema nini, najua na mzee Ngolo atasema nini. Hilo usimpelekee baba, nitampelekea mwenyewe. Nikimaliza kula maharage na wenzangu, nakuja nyumbani kumwambia."